Corolla 100 inayozima ukisimama: usinunue pampu bado

Pole ndugu. Kama nimekuelewa, 100 yako yenye injini ya 5A-FE inatoka Nakuru mpaka Ahero bila neno, lakini ukikwama kwenye jamu ya Kondele, Kisumu, inaanza kutetemeka, sailensa (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka, halafu inazima. Fundi naye ameshakupigia hesabu ya pampu ya mafuta. Hebu shika hela zako kwanza.

Pampu iliyochoka husumbua pale injini inapodai mafuta mengi, mfano ukipanda kutoka Awasi kwenda Kericho na abiria wanne. Yako mlima inapanda, inafia ikiwa imesimama. Mimi hapo nawaza hewa kabla ya pampu.

Nasema hivyo kwa sababu yangu, wagon ya 1994, ilinitesa karibu miezi mitatu kwa ugonjwa huohuo. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, akabadilisha waya za plagi, akabadilisha kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi. Aliposhindwa akachukua bisibisi, akaigusa ile skrubu ya sailensa kwenye throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini, gari ikaacha kuzima. Nikamlipa na asante juu. Kesho yake asubuhi nikaiwasha ikiwa baridi, ikanguruma kama posho mill hadi jirani akachungulia dirishani, na baada ya wiki mbili ikarudia kuzima. Skrubu ile ilikuwa imefunika ugonjwa tu. Kama yako imeshaguswa, uliza ilizungushwa mara ngapi na irudishwe ilipokuwa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa jua kali hapa Nakuru. Hakufungua boneti kwanza. Alienda nyuma, akaweka kiganja kwenye ekzosi, akakinusa. "Hii inakunywa," akasema, kisha akaniuliza fulu tanki inanifikisha wapi siku hizi. Nilipomjibu akacheka. Akatoa plagi moja: nyeusi tititi, masizi makavu yanayobaki kidoleni kama ya chungu cha kuni. Masizi makavu ni petroli kuzidi. Ingekuwa nyeusi lakini ina utelezi, hiyo ni oili inapita. Ingekuwa nyeupe, petroli ni kidogo kuliko hewa.

Basi akaushika mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kuingia kwenye injini) kwenda kwa sensa iliyofungwa ukutani nyuma ya injini. Akaukunja mwishoni, pale unapovishwa kwenye pua ya sensa, na ufa ukafunguka kama mdomo. Ukiuachia ulikuwa unajifunga, ndiyo maana sisi wote tuliutazama tusiuone.

Sensa hiyo inapima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, na kompyuta inapima petroli kwa kuisikiliza. Injini ikiwa sailensa, throtoli imefungwa na mvuto ni mkali sana. Mpira ukipasuka hewa ya nje inaingia, sensa inaona mvuto umepungua, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, inamwaga petroli na injini inazama. Barabarani throtoli iko wazi na mvuto ni mdogo hata hivyo, kwa hiyo uongo wa sensa ni mdogo pia. Ndiyo maana gari inakimbia vizuri na kuzima kwa jamu. Mzee alikata kipande cha urefu wa ukucha kwa wembe, akauvisha tena ukabana. Injini ikatulia tukiwa tumesimama pale pale.

Haikuisha yote, nisikudanganye. Nikiwasha taa na feni pamoja, sailensa bado ilikuwa inazama. Hapo shida ilikuwa ile vali ya sailensa chini ya throtoli. Ilikuwa imejaa kaboni nyeusi, imekwama nusu. Kuisafisha inabidi uteremshe throtoli nzima, na maji ya rejeta yanapita humo, kwa hivyo ngoja injini ipoe kabisa. Skrubu zake ni laini, ukitumia bisibisi isiyokaa sawa utaziharibu vichwa. Weka gasketi mpya.

Kabla ya hayo yote, soma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imeweka, haigharimu kitu. Kwenye kile kiboksi cheusi chini ya boneti tafuta tundu zilizoandikwa TE1 na E1, ziunganishe kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga staa. Taa ya injini ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mara tatu, ikatulia kidogo, kisha mara moja, hiyo ni 31, ya sensa niliyokueleza. Lakini yangu haikutoa kodi yoyote, maana sensa yenyewe ilikuwa nzima. Pia bana kwa koleo mpira mnene unaoenda kwenye busta ya breki (ile inayofanya breki iwe nyepesi kukanyaga), injini ikiwa inanguruma. Sailensa ikitulia, busta au mpira wake unavuja.

Jambo moja lihakikishe: kweli inatetemeka kwanza ndipo izime, au inakatika ghafla kama mtu amezima swichi? Ikiwa ni ghafla, tena injini ikiwa moto, sahau mipira, nenda kwa koili na ignaita, vile vya kutengeneza cheche za plagi, ndani ya distribyuta. Kesho toa plagi ya pili, uniambie rangi yake na huo mpira umeukutaje.