Laravel kwa wanaoanza: sehemu za programu zinajuana kwa majina

Wadogo zangu mnaoanza Laravel, fremuweki ya PHP ya kutengenezea mifumo ya wavuti, mkiwa Unguja Mjini au Chake Chake, shikeni kwanza kanuni za majina. Humo ndani modeli (msimbo unaowakilisha jedwali la hifadhidata), jedwali lenyewe na kontrola (msimbo unaopokea maombi ya mtumiaji) zinatafutana kwa jina. Herufi moja ikipotea, hazionani.

Mfano ninaoupenda ni daftari la karafuu: mkulima analeta mzigo, unapimwa, kilo zinaandikwa. Unaunda modeli, unaiita Mkulima. Laravel inalichukua jina hilo, inaligeuza herufi ndogo, inalitia katika wingi, kisha inakwenda kutafuta jedwali. Ila wingi inaoujua ni wa Kiingereza. Ngeli ya M-WA haiijui. Jedwali lako ni wakulima, yenyewe inatafuta mkulimas, na MySQL, programu ya hifadhidata, inarudisha kosa namba 1146: jedwali halipo. Nimewaona vijana wakibadilisha nywila za hifadhidata mchana kutwa, na dawa ni mstari mmoja ndani ya modeli:

protected $table = 'wakulima';

Mimi nashikilia majina ya Kiswahili, maana karani wa mizani anasema wakulima, na mimi na yeye lazima tuelewane. Basi ukiyachagua, andika mstari huo kwenye kila modeli siku ileile unapoiunda.

Linalonitia hofu zaidi ni kosa lisilopiga kelele. Jedwali la mizigo lina safu (column) mkulima_id. Kwenye modeli ya Mzigo unaandika fanksheni mkulima() yenye belongsTo, yaani mzigo huu ni wa mkulima fulani; Laravel inachukua jina la fanksheni, inaongeza _id, inaipata safu. Ukiiita fanksheni hiyo muuzaji(), itatafuta muuzaji_id. Kwa kawaida haitalalamika, itakupa null tu, yaani hakuna kitu, na mzigo wa mtu utaonekana hauna mwenyewe. Ukilitaka jina hilo, itajie safu: belongsTo(Mkulima::class, 'mkulima_id').

Na herufi kubwa. Niliwahi kuhifadhi kontrola kama mkulimaController.php, ilhali klasi ndani yake ni MkulimaController. Kwenye laptopu yangu ya Windows ilifanya kazi vizuri. Kwenye seva ya Linux, klasi haikupatikana, na watu wameshakaa wanasubiri kuonyeshwa mfumo. Nikalirekebisha jina la faili, nikapandisha tena, kosa lilelile: Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, kwenye Windows haikuona kuwa herufi imebadilika. Tumieni git mv kubadilisha jina la faili, kisha angalieni git status kabla ya kupandisha.