Ujiji ya zamani: anza na soko, Stanley atasubiri

Watu wakiniuliza waanzie wapi kusoma historia ya Ujiji, mji wa kando ya ziwa Tanganyika, wengi wanatarajia niwaambie waanze na ile siku ya mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone. Nawaambia waiweke kando kwanza. Kisa kile ni cha wageni wawili, na mji wenyewe umo humo kama pazia la studio ya picha. Anza na soko.

Uzuri wa soko ni kwamba waliolieleza hawakuwa na nia ya kutuandikia historia. Richard Burton, msafiri Mwingereza, alifika Februari 1858 akiwa hoi kwa maradhi, mwenzake Speke haoni vizuri, na kichwani amejiwekea bandari kubwa yenye soko la bidhaa. Alipokuta vibanda alichukia, na kurasa zake juu ya Wajiji zimejaa dharau. Sioni sababu ya mtu kujilazimisha kuzimeza zote. Lakini humo humo kwenye manung'uniko anakuonyesha uwanja uliofyekwa nyasi, mti uliopinda unaotia kivuli, na watu wamesimama na wengine wamechuchumaa wakipatana bei kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, makelele yanasikika mbali. Kuna samaki, mboga, ndizi, pombe ya mchikichi, na mara moja moja pembe ya ndovu au mtumwa anayepitishwa akinadiwa. Wateja wakipungua, wauzaji wanachambua pamba iliyo kwenye vikapu vidogo na kusokota nyuzi. Hapo ndipo napiga mstari. Dharau ni ya Burton, lakini pamba ni ya Ujiji.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: msafiri akitoa hukumu, pita haraka, akitaja bei, saa, chombo au njia, simama usome tena.

Wa pili, usisome mmoja peke yake. Verney Lovett Cameron, msafiri mwingine Mwingereza, alifika mwaka 1874, na sokoni aliangalia kuliko alivyolalamika. Anasema kila muuzaji alikuwa na mahali pake pa kila siku, na wengi walijijengea vibanda vya makuti ya michikichi kujikinga na jua. Fedha ya soko ilikuwa shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Soko likifunguliwa, walikuwapo watu wenye mikoba iliyojaa sofi; unawapa shanga za aina nyingine, wanakupa sofi za kununulia. Soko likifungwa, wauzaji wanawarudishia sofi, na wale mabwana wanapata faida mara mbili, kwenda na kurudi. Ukisoma hapo unaelewa kwamba mahali Burton alipoona vibanda tu palikuwa na biashara ya kubadilisha fedha yenye utaratibu wake.

Stanley aliporudi mwaka 1876 aliorodhesha bei za Ujiji kwa doti za nguo. Soma orodha hiyo polepole. Watumwa wamepangwa humo kwa umri, pamoja na mbuzi, na mwandishi wala hapandishi sauti. Ni ukurasa mzito, ila anayesimulia habari za soko hili akauruka atakuwa anasimulia mji mwingine.

Hata hivyo, usihesabu wasafiri hawa kuwa mashahidi wasiojuana. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India akarudi akiwa mtu huru, alisafiri na Burton na Speke, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron. Alikuwa na njia kichwani kabla hao wengine hawajaichora. Wakiandika mambo yanayofanana, mimi hujiuliza ni mangapi waliyoyapata kwake au kwa Waarabu wale wale wa pale waliowakaribisha.

Kuhusu majina: zamani Ujiji lilikuwa jina la nchi, na mji wenye soko uliitwa Kawele. Kwenye vitabu vya Wajerumani utafute Udjidji. Vingi vya vitabu hivi vinasomwa bure kwenye Internet Archive, lakini mashine iliyogeuza kurasa kuwa maandishi hukosea herufi, kwa hiyo usikate tamaa neno lisipojitokeza. Fungua faharasa ya mwisho wa kitabu ukatafute kwa macho.

Halafu kuna ziwa. Cameron aliona mto Lukuga ukitoa maji ya Tanganyika kuelekea magharibi. Stanley, miaka miwili baadaye, akaukuta umezibwa na matope na mafunjo. Baadaye kidogo kizuizi kikabomoka, na hadi kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10. Ndiyo maana mnara wa Livingstone leo uko mbali na maji. Ukienda pale na kitabu mkononi kutafuta ufuko wanaousema, usiwaite waongo. Wala usishangae kuona meli ziko Kigoma: reli ya kati ilifika huko mwaka 1914, na biashara ikahamia kwenye bandari yenye kina.

Kingine, usiwaachie Wazungu peke yao. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Mjerumani Carl Velten alichapa mwaka 1901 simulizi za safari za watu wa pwani walioingia bara. Lugha yao utaielewa bila shida, na wanazungumzia mizigo, madeni na hongo (ushuru wa kupita katika nchi za watu) kama watu walioyabeba wenyewe. Na wao walikuwa na upande wao, hasa Tippu Tip, kwa hiyo penseli ibaki mkononi.

Ukimaliza Ujiji, nenda Tabora kwa njia hiyo hiyo. Kwa Burton itafute kwa jina la Kazeh, kwa Stanley anza na Unyanyembe.