Msihesabu saa tu, sikilizeni na pumzi

Swali la wiki la jarida hili lilikuwa na vipande viwili. Watafiti wanasema usingizi mbovu unaleta shinikizo la damu, kisukari, sonona na hata kupotewa na kumbukumbu, je, tunawaamini? Na mtu mzima alale saa ngapi? Nadhani wasomaji wengi watakimbilia kipande cha pili, maana kila mtu ana namba yake kichwani. Nami nianze nacho ili nikiondoe njiani. Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani waliafikiana kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kwa usiku. Ni ushauri mzuri kwa umma. Kwa mtu mmoja mmoja hausaidii sana.

Nasema hivyo kwa sababu ya kazi ninayofanya, ambayo ni ya kuchekesha kidogo: nalipwa kukesha nikiwatazama watu wamelala. Ni fundi wa maabara ya usingizi. Mgonjwa anafika jioni, nambandika nyaya kichwani, pembeni mwa macho na kidevuni, namfunga mikanda miwili, mmoja kifuani na mmoja tumboni, namwekea kijibomba puani cha kupima hewa na kibano kidoleni cha kupima oksijeni. Kisha nahamia chumba cha pili na kukaa mbele ya kompyuta mpaka kupambazuke.

Asubuhi namvua nyaya zote na kumpa dodoso, na swali mojawapo ni hilihili lenu: umelala saa ngapi? Hapo ndipo penye vituko. Yupo anayenijibu kwa hasira kwamba hakupata hata lepe la usingizi, kitanda chenu kibaya, chumba kina baridi, na chati yake inaonyesha amelala sehemu kubwa ya usiku, hata kipindi cha ndoto amekipitia. Si mwongo. Watu wenye tatizo la kukosa usingizi mara nyingi hukadiria pungufu ya kile ambacho mashine imepima. Na yupo mwenzake, anayejinyoosha na kusema amelala usingizi wa pono, ilhali chati yake ni balaa tupu: pumzi imekatika zaidi ya mara 30 kwa kila saa.

Watu wasio wagonjwa nao hawajijui sana. Watafiti wa Chicago waliwavalisha watu wa makamo kifaa cha mkononi kinachorekodi mitikisiko ya mwili, wakalinganisha na maneno yao. Matokeo, yaliyotoka 2008, yalionyesha kwamba kwa wastani watu walijiongezea zaidi ya nusu saa ya usingizi ambao hawakuupata.

Sasa kumbukeni kwamba tafiti nyingi kubwa zinazotajwa redioni zimejengwa juu ya maneno ya watu, si juu ya vipimo. Mwaka 2002 Daniel Kripke na wenzake walichapisha uchambuzi wa Wamarekani zaidi ya milioni 1. Waliosema wanalala saa 7 ndio waliokufa wachache zaidi. Waliosema 8 na kuendelea walikufa zaidi yao. Mwaka 2010 Francesco Cappuccio na wenzake wakakusanya tafiti 16 pamoja: kwa wanaolala kidogo hatari ya kufa ilipanda kwa asilimia 12, na kwa wanaolala sana ikapanda kwa asilimia 30. Ukizisoma hizo namba kijuujuu utadhani godoro linaua kuliko kukesha. Mimi sidhani. Mtu mwenye ugonjwa uliojificha, mwenye sonona, au ambaye usiku mzima anapigania pumzi, hukaa kitandani muda mrefu na bado akaamka amechoka. Ugonjwa umetangulia, saa zimefuata.

Kwa hiyo nikiulizwa kama naamini, nauliza kwanza: utafiti gani? Ninaouamini zaidi ni ule ambao mtafiti ameugusa usingizi wenyewe, au ameupima. Mwaka 1999 Karine Spiegel, Rachel Leproult na Eve Van Cauter, pale Chuo Kikuu cha Chicago, waliwachukua vijana wa kiume 11 wenye afya njema, wakawaruhusu saa 4 tu kitandani kwa usiku 6 mfululizo. Miili yao ikaanza kuishughulikia sukari kwa namna inayofanana na ya watu wenye umri mkubwa. Vijana 11 ni wachache, na saa 4 ni mateso, lakini hapo hakuna mtu wa kusema kwamba kisukari ndicho kilichowanyima usingizi.

Mwingine ninaoupenda ni wa Aric Prather, wa 2015. Watu 164 walivalishwa kifaa cha mkononi kwa wiki nzima, kisha wakadondoshewa puani virusi vya mafua na kufungiwa hotelini. (Ndiyo, walikubali wenyewe.) Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walishikwa na mafua kwa wingi zaidi kuliko waliokuwa wakilala zaidi ya 7.

Halafu upo wa Hans Van Dongen na wenzake, wa 2003, ambao ningependa usomwe na kila bosi anayejisifu kwamba saa 5 zinamtosha. Watu 48 waligawanywa: wengine wakalala saa 8, wengine 6, wengine 4, kwa wiki mbili, na wachache wakakeshwa kabisa. Kundi la saa 6 lilizidi kuzorota siku hadi siku kwenye majaribio ya umakini, mpaka likafanana na mtu aliyekesha usiku mmoja au miwili. Wenyewe walipoulizwa kama wana usingizi, walisema kidogo tu. Kwa hiyo anayekuambia amezoea huenda amezoea kweli ile hali ya kuchoka. Kazi yake ndiyo haijazoea.

Hata kwenye yale makundi makubwa ya watu, siku hizi kuna njia ya kutenganisha kilichotangulia na kilichofuata. Mwaka 2019 watafiti walitumia taarifa za watu wapatao 461,000 wa Uingereza, wakaangalia jeni zinazomwelekeza mtu kulala kidogo au sana. Jeni mtu huzaliwa nazo. Ugonjwa wa moyo wa miaka 60 hauwezi kurudi nyuma ukazibadilisha. Jeni za kulala kidogo ziliandamana na mshtuko wa moyo. Jeni za kulala sana hazikuandamana nao. Kwangu huo ndio ushahidi ulionisogeza kutoka "labda" hadi "naamini", kwa upande wa kulala kidogo.

Lakini ningekuwa mimi ninayepanga maswali ya jarida hili, wiki ijayo ningeuliza: nani kwenu anakoroma? Maana hapo ndipo usingizi na ugonjwa vinapokutana waziwazi, na ninaviona kwa macho.

Tukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa baadhi yetu ulimi na kaakaa laini hulegea hadi njia ya hewa ikaziba. Kwenye kompyuta yangu mstari wa hewa ya puani unakuwa bapa kabisa. Mikanda ya kifua na tumbo bado inacheza, tena kwa kupingana, mmoja ukipanda mwingine unashuka, kwa sababu mwili unavuta hewa isiyoingia. Sekunde 10 zikipita tunahesabu tukio moja. Oksijeni inaanza kuteremka: 94, 91, 86. Halafu mistari ya ubongo inachafuka ghafla, mtu anazinduka kwa sekunde chache, anakoroma kwa kishindo, moyo unakwenda mbio, oksijeni inapanda. Anarudi kulala. Dakika moja baadaye, yaleyale. Kila akizinduka, mwili unamwaga homoni za hatari na shinikizo la damu linaruka, na asubuhi hakumbuki chochote. Anachojua ni kwamba mdomo umekauka, kichwa kinauma, na usiku aliamka kwenda haja ndogo mara kadhaa, jambo ambalo amelipeleka kwa daktari wa kibofu.

Hii inaitwa apnia ya usingizi. Terry Young na wenzake wa Wisconsin waliwalaza maabara wafanyakazi 602 wenye umri wa miaka 30 hadi 60, na mwaka 1993 wakaripoti kwamba asilimia 24 ya wanaume na 9 ya wanawake walikuwa na matukio 5 au zaidi kwa saa. Wengi hawakujua. Mwaka 2000 kundi hilohilo la utafiti likaonyesha kwamba kadiri matukio yalivyokuwa mengi, ndivyo mtu alivyoelekea zaidi kuwa na shinikizo la damu miaka 4 baadaye. Na msidhani ni ugonjwa wa wanaume wanene tu. Umbo la taya linatosha kumponza mtu mwembamba. Wanawake, hasa hedhi ikishakoma, huupata pia, ila wengi wao hawaji wakilalamikia kukoroma. Wanasema wamechoka au hawalali vizuri, wakapewa vidonge na kurudishwa nyumbani.

Dawa yake kubwa ni mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisizibe. Aliibuni Colin Sullivan huko Sydney, akaitangaza mwaka 1981. Nimeona usiku wa kwanza wa wagonjwa wengi juu ya mashine hiyo, na mabadiliko kwenye chati ni kama mtu amezima injini mbovu. Hata hivyo nisiwe mpiga debe. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa uitwao SAVE, wa watu 2,717 wenye apnia ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Waliopewa mashine hawakupata mshtuko wa moyo wala kiharusi kwa uchache kuliko ambao hawakupewa. Kusinzia mchana kulipungua, na dalili za huzuni zikawa afadhali, basi. Watetezi wa mashine hukimbilia kusema kwamba waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na ni kweli, lakini hivyo ndivyo watu wanavyoivaa majumbani. Msimamo wangu: mashine inakurudishia mchana wako, na asiyesinzia kwenye usukani ameokoa maisha, yake na ya wengine. Kuhusu moyo, sitamwahidi mtu.

Ya ubongo nitayapitia haraka. Utafiti wa Séverine Sabia na wenzake, wa 2021, uliwafuatilia watumishi wa umma wa Uingereza karibu 8,000 kwa miaka 25, na waliokuwa wakilala saa 6 au pungufu wakiwa na miaka 50 na 60 walipata ugonjwa wa kusahau kwa wingi zaidi. Ile habari kwamba usingizi "huosha ubongo", yaani huondoa taka zake, ilianzia kwa panya wa maabara ya Maiken Nedergaard mwaka 2013, na watafiti wengine wameipinga vikali mwaka 2024, nao kwa panya. Acha wabishane kwanza.

Kubaki macho kwenyewe, bila apnia, ni ugonjwa unaojitegemea: mara 3 kwa wiki au zaidi, kwa miezi 3, ilhali nafasi ya kulala ipo. Zamani madaktari waliuona kama kivuli cha sonona. Tibu sonona, usingizi utarudi wenyewe. Mwaka 2011 Chiara Baglioni na wenzake walikusanya tafiti 21 na kuona kwamba mtu asiye na sonona lakini anakosa usingizi ana hatari maradufu ya kuipata baadaye. Jaribio kubwa la Oxford la 2017, lenye wanafunzi 3,755, likaenda hatua mbele: waliotibiwa usingizi wao kwa mafunzo ya mtandaoni walilala vizuri zaidi, na shuku na maruweruwe yao yakapungua.

Hapa ndipo namba ya saa inapoleta madhara. Mtu anasikia 8, analala 6, anaanza kupanda kitandani saa 2 usiku ili azifukuzie zile mbili zilizobaki, anagaagaa, anachungulia simu kila mara, na kitanda kinageuka uwanja wa vita. Wengine wananiletea saa za mkononi zenye grafu za rangi na kuniuliza kwa nini usingizi mzito ulikuwa dakika 40 badala ya 60. Ukiwaambia kifaa hicho hakipimi ubongo, wanakasirika.

Matibabu yanayopendekezwa kwanza, na mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kiliyaweka mbele ya vidonge, yanakwenda kinyume kabisa na hamu ya mgonjwa: punguza muda wa kitandani. Unapanda ukiwa na usingizi kweli, ukibaki macho unanyanyuka na kwenda chumba kingine, unaamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa wa mang'amung'amu, na unaongeza robo saa kidogokidogo usingizi ukishashikana. Anayeendesha gari au mashine asiyaanze matibabu haya peke yake bila daktari, kwa sababu wiki za mwanzo mtu husinzia mchana kuliko alivyokuwa. Na anayekoroma apimwe pumzi kwanza.