Jibu: Mwembe uliolalia bati

Ndugu, umeuliza kuhusu mwembe wako uliolalia bati la nyumba, ambao fundi wako anataka kuuangusha mzima. Mwembe ulio mita mbili kutoka ukutani hauangushwi mzima, hata huyo fundi wako akikuapia. Unashushwa vipande vipande kuanzia juu. Pande la shina lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita moja, likiwa bichi, linazidi kilo 150. Bati halina ubavu huo.

Tawi nene hukatwa mara tatu. Kwanza kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, kina cha theluthi. Pili kwa juu, mbele kidogo ya hapo. Likidondoka halichuni gome la shina. Tatu, kibutu kilichobaki kimalizie nje ya uvimbe wa maungio, yaani pale tawi linapoungana na shina. Ukiamua kupunguza matawi tu bila kuuondoa mti, uvimbe huo ndio utakaofunika jeraha.

Matawi yaliyo juu ya nyumba yafungwe kamba kabla ya msumeno. Ipite kwenye panda imara juu, kisha izungushwe shinani chini mara mbili tatu, ilegezwe taratibu. Anayeishika asijiviringishie mkononi. Wengi huumia hapo.

Matawi yakikaribia nyaya, TANESCO kwanza. Utomvu unawasha, vaeni mikono mirefu.