Kinachoniuma ni bei

Dada, umesema tamthilia za nje ndizo zinazowafanya vijana wa Kigoma waone haya kuongea Kiha, lugha ya Waha. Nakubali kwa sehemu. Lakini muziki wa Kongo ulivuka Ziwa Tanganyika zamani, tukaupokea, tukapiga dansi letu wenyewe, na hakuna aliyepotea.

Kinachoniuma ni bei. Tamthilia ya Uturuki au Korea huwa imesharudisha gharama kwao, kwa hiyo kituo cha hapa huinunua kwa fedha kidogo kuliko kulipa waigizaji, kamera na mafuta ya kwenda kurekodi Kasulu. Mwenye kituo atachagua nini? Siku hizi baadhi ya tamthilia hizo zinawekewa sauti za Kiswahili, na hilo nalifurahia, ila Kiha hakimo kabisa. Mtoto anakua akiamini lugha ya bibi yake haifai kwenye runinga.

Ripoti ya MacBride kuhusu mawasiliano duniani, iliyotolewa na UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, ililisema hili tangu 1980: habari zinatiririka upande mmoja, kutoka nchi tajiri kuja kwetu. Na Tanzania Bara tumeanza kuwa na televisheni 1994 tu!

Mimi ningeanza na simu. Warekodini wazee wa Buha, nchi ya Waha, wakisimulia, muweke YouTube, kwa Kiha chenyewe.