Soga zisizo za magari klabuni si jambo jipya

Wapo wanaolalamika kwamba siku hizi klabu za magari zimejaa soga zisizohusu magari, eti zamani wapenzi wa magari walikutana kuzungumza injini tu. Hapana, si kweli. Soga za pembeni zimo tangu klabu za kwanza. Automobile Club de France, klabu ya magari ya Ufaransa, ilianzishwa 1895, ya Uingereza ikafuata 1897. Hiyo ya pili inatosha kuwa ushahidi: jumba lake la Pall Mall, London, lililofunguliwa 1911, lilikuwa na bwawa la kuogelea, mabafu ya Kituruki na kumbi za kulia chakula. Nani anajenga bwawa ili azungumzie kabureta?

Ila tusiende mbali sana upande wa pili. Klabu hiyohiyo ndiyo iliyoandaa mwaka 1900 safari ya majaribio ya maili 1,000, London hadi Edinburgh na kurudi, watu wengi waone kwamba gari linaweza kufika. Tena uanachama ulikuwa wa wenye fedha zao, kwa hiyo starehe ilitarajiwa.