"Went" wanaijua, insha inawashinda

SWALI: Nafundisha Kiingereza darasa la sita. Wanafunzi wanakariri "go, went, gone" bila kukosea, lakini kwenye insha wanaandika: "Yesterday I went to the market and buy tomatoes and come back." Nasahihisha, wiki ijayo wanarudia yaleyale. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, itazame tena sentensi hiyo. Kitenzi cha kwanza kiko sawa, vilivyoharibika ni vinavyofuata. Kwa Kiswahili mtoto angesema: "Jana nilikwenda sokoni, nikanunua nyanya, nikarudi." Ameitaja -li- mara moja, -ka- ikabeba yaliyobaki. Kwake wakati umeshatajwa, ilhali Kiingereza kinaudai kwenye kila kitenzi. Jedwali la "go, went, gone" haliwezi kumwonyesha hilo, maana humo vitenzi havifuatani katika tukio lolote.

Basi wape tukio. Ingia darasani kimya: fungua dirisha, futa ubao, angusha chaki, iokote, kaa. Uliza: "What did I do?" Waambiane wawili wawili kwanza, kisha andika ubaoni:

"The teacher opened the window, cleaned the board, dropped the chalk, picked it up and sat down."

Chini ya kila kitenzi weka Kiswahili chake: alifungua, akafuta, akaangusha, akaiokota, akakaa. Waache wahesabu wenyewe: -li- moja, lakini vitenzi vitano vya Kiingereza vyote vimebadilika. Hapo ndipo waandike sentensi tano kuhusu asubuhi yao. Vitenzi vitano hadi saba vinatosha kwa kipindi cha dakika 40.

"Did" iache hadi kipindi kinachofuata, ukitumia tukio lilelile. Sema uongo: "I closed the window." Watakupinga: "No, you didn't close the window. You opened it." Wakisema "didn't closed", waonyeshe kwamba "did" imeshabeba wakati, kitenzi kinabaki kitupu.

Sikiliza pia matamshi. "Dropped" ni silabi moja, hutamkwa "dropt". -Ed huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted". Mtoto asiyeisikia ile t ya mwisho ataandika "drop", na utadhani hajui kanuni.

Unaposahihisha, usimwandikie jibu. Weka nukta pembezoni mwa mstari wenye kosa, akitafute kitenzi mwenyewe.